Kichaka Kisichotaka Samadi

Wakulima wa bustani katika nchi zetu za milimani, tangu Limuru hata Mufindi, wamerithi kwa wazee wao mambo matatu ambayo hawana shaka nayo: kwamba samadi ikizidi haidhuru, kwamba majivu ya jikoni ni dawa ya shamba, na kwamba ardhi iliyochachuka haina budi kutiwa chokaa ndipo ikubali kuzaa. Mambo hayo kwa sehemu kubwa ni kweli kwa mahindi, kwa maharage, kwa kabichi na kwa aghalabu ya mimea tuliyoizoea, wala sina nia ya kuyatangua. Lakini uko mmea mmoja, mgeni katika bustani zetu, ambao mtu akiutendea ihsani hizo tatu kwa moyo safi huenda akauua kabla ya mwaka kwisha. Nao ni mbuluberi, kichaka kizaacho tunda dogo la rangi ya samawati iliyokolea, ambalo siku hizi huonekana katika maduka makubwa ya miji yetu, ndani ya vikopo vyembamba vya plastiki, kwa bei isiyowafikia watu wengi.

Nimeona niandike habari zake kwa wasaa, kwa kuwa miche yake imeanza kuuzwa, na mnunuzi aghalabu hupewa mche pasipo kupewa tabia zake. Huenda akaupanda katika shimo lililojazwa samadi mbichi, akaunywesha maji ya kisima, akaunyunyizia majivu ili kuwafukuza wadudu, kisha akastaajabu majani yanapogeuka manjano na matawi yanapokoma kukua. Mikono yake haina hatia. Mmea huu umeumbwa kwa ardhi ambayo sisi huiita mbovu, na anayetaka kuulea hana budi kwanza kuifahamu ardhi hiyo na kuiheshimu.

Asili ya mbuluberi mrefu, ambao wataalamu wa mimea huuita Vaccinium corymbosum, ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini, tangu Nova Scotia huko Kanada hata Florida, penye mabwawa, kingo za maziwa na misitu ya misonobari iliyoota juu ya mchanga mchachu. Wenyeji wa asili wa nchi zile walilichuma tunda lake, wakalila bichi na kulianika kwa akiba, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Wazungu walipofika walijifunza kulila, lakini kulilima hawakuweza, kwa maana kila aliyeng'oa kichaka msituni na kukileta katika shamba lake jema, lenye rutuba na samadi, alikiona kikidumaa au kikifa. Ikawa itikadi ya watu kwamba buluberi ni tunda la mwitu lisilokubali kufugwa, basi huchumwa pale Mwenyezi Mungu alipolipanda.

Aliyeivunja itikadi hiyo ni Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambaye tangu mwaka 1906 alikaa na miche ya buluberi akiijaribu katika udongo wa namna mbalimbali, na mwaka 1910 akatangaza matokeo yake. Katika udongo wa bustani uliotiwa samadi nyingi miche ilidhoofika. Katika udongo uliotiwa chokaa ilidhoofika vilevile. Bali katika mboji chachu iliyofanyika kwa majani na mizizi iliyooza nusu, udongo ambao mkulima yeyote wa mahindi angeupita bila kugeuka, ilistawi na kupendeza. Ndipo ilipodhihirika kwamba kichaka kilichodhaniwa kuwa kikaidi kilikuwa kinauawa kwa wema. Naliona jambo hili kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya ilimu ya kilimo ya karne iliyopita, si kwa ajili ya tunda lenyewe tu, bali kwa kuwa lilitangua fikra kwamba ardhi ni ama nzuri ama mbaya, kana kwamba mimea yote imeumbwa kwa tumbo moja.

Maandishi ya Coville yalisomwa na mwanamke aitwaye Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi mahali paitwapo Whitesbog, katika jimbo la New Jersey, naye mwaka 1911 akamwandikia barua kumkaribisha afanye majaribio katika ardhi ya baba yake. Coville alikuwa na maarifa ya maabara. Lakini msitu ule wa misonobari ulikuwa na wajuzi wake, nao ni watu wa kawaida waliouishi na kuchuma buluberi za mwitu kila msimu, waliojua kila kichaka kwa mahali pake, kipi kizaacho tunda kubwa na kipi kizaacho tunda kali. Bibi White aliwaendea watu hao. Aliwapa bamba dogo lililotobolewa tundu la upana wa milimita 16 hivi, na chupa za kutilia matunda, akawaahidi malipo kwa kila kichaka ambacho tunda lake halipiti katika tundu lile. Fauka ya hayo akakiita kila kichaka kwa jina la mtu aliyekivumbua. Vikaletwa vichaka zaidi ya mia, vikapandwa, vikatazamwa, na vilivyosalia baada ya mchujo vilikuwa vichache mno. Bora kuliko vyote kilikuwa kile kilichoonyeshwa na Rube Leek, ambacho jina lake likafanywa Rubel. Mavuno ya kwanza ya kuuzwa yalipelekwa sokoni mwaka 1916. Hata leo Rubel hupandwa. Na kwa sababu mbegu ya buluberi haizai mche uliofanana na mama yake, hukuzwa kwa vipande vya matawi, kwa hiyo kila Rubel iliyopo duniani ni mwili mmoja na kile kichaka alichokionyesha mtu yule wa msituni.

Tabia hii yote ya mbuluberi, ya kukataa ardhi iliyorutubishwa, imo katika mizizi. Ukiutoa mche katika kopo lake na kuuosha taratibu ndani ya ndoo ya maji, utaona kitanda cha mizizi myembamba mno, ya rangi ya kahawia, iliyosokotana kama usumba, na aghalabu yake yote haizidi kina cha shubiri moja na nusu. Mizizi hiyo haina vinyweleo ambavyo mimea mingine hunyonyea maji na chakula. Badala yake huishi kwa ushirika na kuvu wadogo wakaao ndani yake, ambao huivunja mboji na kuupa mmea sehemu ya kile wanachokipata. Mizizi ya namna hiyo haiwezi kupenya udongo mzito wa mfinyanzi, haivumilii maji yaliyotuama, haistahimili kiu, na huungua upesi kwa chumvi ya mbolea. Kadhalika, mmea huu haujui vema kuitumia naitrojeni iliyo katika umbo la naitreti, ambalo ndilo umbo lililo tele katika ardhi ya mashamba. Huitaka ile ya amonia. Na katika udongo usio na uchachu madini ya chuma hufungika, yakawapo ardhini pasipo kupatikana. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya dhiki ni majani machanga kuwa manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni katikati, chini ya hapo ni uchachu na juu yake ni magadi, na kila daraja moja ni tafauti ya mara kumi, si ya moja. Kabichi hupenda kukaa baina ya 6 na 7. Mbuluberi hutaka 4.5 hata 5, na ikipita 5.5 huanza kuumwa. Basi mtu asiseme kwamba 6 na 5 ni karibu karibu. Kati yake mna umbali wa mara kumi. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kabla ya kununua hata mche mmoja, mwenye bustani apeleke udongo wake ukapimwe, iwe ni katika maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, kule Kabete, au Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, au kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, mkoani Tanga. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na miaka ya kungojea mavuno yasiyokuja.

Ikiwa mtu hana wasaa wa kupima, yuko shahidi mmoja asiyesema uongo, naye ni chai. Chai na mbuluberi si za ukoo mmoja, bali hupenda ardhi moja. Palipostawi chai kwa vizazi viwili au vitatu, kama Kericho, Limuru, Nandi, Rungwe, Mufindi na Usambara, uchachu wa ardhi aghalabu unafaa, na baridi ya milima husaidia. Si ajabu kwamba nchini Kenya yako sasa mashamba ya nyanda za juu yanayolima buluberi kwa kuziuza ng'ambo. Lakini ndugu zangu wa pwani nawaambia kweli bila kuwapamba: ardhi ya mawe ya matumbawe ni chokaa tupu, na joto la pwani halina usiku wa kupumzisha kichaka, kwa hiyo mbuluberi ukipandwa katika ardhi ile hauna maisha.

Hata hapa milimani si kila namna ya mbuluberi itazaa. Namna za zamani za kaskazini, kama Rubel na Bluecrop, zimezoea majira ya baridi kali, na hazichanui sawasawa mpaka zipate takriban saa 800 hata 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, jambo ambalo Limuru haiwezi kulitoa, licha ya umande wake. Ni Chuo Kikuu cha Florida kilichofungua mlango kwa nchi za joto: mtaalamu Ralph Sharpe alichanganya mbuluberi mrefu na jamaa yake mfupi wa Florida, asiyepukutisha majani na asiyehitaji baridi nyingi, na katika miaka ya 1970 ikatolewa namna iitwayo Sharpblue. Baadaye, mwaka 1998, watafiti wa serikali huko Mississippi wakatoa Biloxi, ambayo katika nchi za tropiki huzaa karibu bila baridi yoyote, na ambayo imechangia pakubwa kuifanya Peru, nchi isiyokuwa na tunda hili sokoni miaka ishirini iliyopita, kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa dunia. Anayenunua mche aulize jina lake; muuzaji asiyelijua jina la mche wake asipewe fedha.

Sasa nije katika kazi yenyewe. Ikiwa vipimo vinaonyesha 5.5 au karibu yake, uchachu waweza kuongezwa kwa salfa ya unga, ileile wanayoifahamu sana wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi kwa kuipulizia mikorosho yao. Katika udongo wa kichanga gramu 40 hivi kwa mita mraba hutosha kushusha daraja moja. Katika tifutifu nzito huhitajika kama gramu 120. Lakini salfa haifanyi kazi kwa siku moja, kwa kuwa ni bakteria wa ardhini wanaoigeuza kuwa tindikali, nao huhitaji unyevu, joto na miezi kadhaa. Basi itiwe na kuchanganywa na udongo msimu mmoja kabla ya kupanda, kisha udongo upimwe tena. Ikiwa ardhi iko 6.5 na zaidi, ushauri wangu ni kuiacha kabisa ardhi hiyo kwa mboga na kupanda mbuluberi ndani ya chombo.

Katika ardhi inayofaa, lichimbwe shimo lenye upana wa mita nzima na kina cha sentimita 40 tu, maana mizizi hii hutambaa kuliko kuzama. Udongo uliotoka uchanganywe nusu kwa nusu na mboji ya majani ya misonobari, maganda yake yaliyooza au maranda ya zamani. Penye mfinyanzi, uinuliwe uwe tuta. Miche iachane mita moja hata moja na nusu. Juu yake itandazwe matandazo ya kina cha sentimita 8 au 10, na hapa wakazi wa jirani ya msitu wa Sao Hill, au wa misonobari ya Shume, wana neema ambayo watu wa New Jersey wangeitambua mara moja: majani ya msonobari yaliyoanguka, ambayo huhifadhi unyevu, huzuia magugu na huoza polepole kuwa mboji ileile aliyoisifu Coville. Yaongezwe kila mwaka. Jembe lisipite chini ya kichaka hata mara moja. Magugu yang'olewe kwa vidole.

Kwa mwenye kupanda katika chombo, pipa la lita 40 au 50 lililotobolewa chini linatosha, na hapa pwani iliyokataliwa na mti huu inakuwa na fungu lake. Unga wa makumbi ya nazi, uliokuwa takataka ya watengeneza kamba, leo ndio udongo wa mashamba makubwa ya buluberi yanayolima katika vyombo ulimwenguni, kwa kuwa hushika maji bila kuyatuamisha. Ila ajuaye namna makumbi yanavyofukiwa katika tope la bahari ili usumba ulainike, atafahamu mara moja hatari yake: unga huo hubeba chumvi, na mizizi ya mbuluberi haiivumilii. Na uoshwe kwa maji matamu mara baada ya mara, mpaka maji yanayotoka yasiwe na ladha yoyote ulimini, ndipo uchanganywe na maganda ya msonobari kwa ajili ya uchachu.

Katika maji ndipo wanapokosea hata wale waliofanya yote hayo vema. Visima vingi vya nyanda zetu hutoa maji yenye magadi au chokaa. Na mwenye kuyatumia kila siku hutia chokaa kidogo kidogo bila kujua, hata mwaka wa pili udongo aliouandaa kwa taabu ukawa si ule tena. Tazama ndani ya birika la kuchemshia maji: likiwa na ukoko mweupe, maji hayo si ya mbuluberi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati hayana kasoro hiyo, na kichaka kikubwa kinahitaji kiasi cha milimita 25 hata 40 kwa juma wakati wa kubeba matunda, yakitolewa kidogo kidogo kuliko yote kwa pamoja.

Kuhusu mbolea, mkono uwe mzito kufunguka. Mbolea ya CAN, ambayo kila duka la pembejeo linayo, isikaribie kichaka hiki, kwani nusu ya naitrojeni yake ni naitreti na tena ina chokaa ndani yake. Inayofaa ni salfeti ya amonia, ile waiitayo SA, ambayo hulisha na kuchachua pamoja. Katika mwaka wa kwanza gramu 30 kwa kichaka, zigawanywe mara mbili au tatu na kusambazwa mbali na shina, kisha ziongezwe kidogo kila mwaka. Chomboni iwe pungufu ya hapo. Mbolea iliyozidi huonekana siku chache tu baadaye, ncha za majani zikawa kahawia na kukauka.

Maua ya miaka miwili ya mwanzo yaondolewe, hata kama moyo unauma, ili nguvu iende mizizini. Baada ya hapo yaachwe, na yatazamwe, kwa kuwa yanastahili kutazamwa: kila ua ni kengele ndogo nyeupe, pengine yenye wekundu hafifu, iliyoinamisha mdomo wake mwembamba chini, na chavua yake imo katika vifuko vyenye matundu nchani, ambayo hutoka kwa kutikiswa. Huko kwao wako nyuki wanene wenye manyoya wanaolitikisa ua kwa mvumo wa miili yao. Nyuki hao hawako mwituni katika nchi zetu, na nyuki wetu wa asali hajui kutikisa, lakini akija kwa wingi huifanya kazi hiyo kwa kurudia rudia. Tena inafaa kupanda namna mbili tafauti zinazochanua pamoja, kwani chavua ya kigeni hufanya tunda kuwa kubwa na kuliivisha mapema, na inafaa zaidi kutopulizia dawa ya wadudu yoyote wakati wa maua.

Tunda huiva baada ya miezi miwili au mitatu, nalo halina haraka. Kichala kimoja huwa na tunda la kijani, la waridi na la samawati kwa wakati mmoja, na lile la samawati si lazima liwe limeiva: ligeuze ulitazame pale liliposhikana na kikonyo, na ukiona duara la wekundu liache siku nne au tano tena, kwa maana buluberi haiongezi utamu baada ya kuchumwa. Iliyoiva huanguka kiganjani kwa kuguswa na dole gumba tu. Ule unga mweupe ulio juu ya ngozi yake ni nta ya tunda lenyewe, si vumbi wala dawa, nao hulihifadhi. Basi buluberi zisioshwe mpaka saa ya kuliwa. Shore huzijua siku hizo kabla ya mwenye bustani, na kundi lake linaweza kukimaliza kichaka kwa asubuhi moja, hivyo wavu mwembamba utandazwe juu ya miti iliyosimikwa, usiguse matawi, mara rangi ya kwanza ionekanapo.

Mavuno yakiisha ndipo makasi yaingie. Katika nchi isiyo na majira ya baridi kichaka hakipati ishara ya kupumzika, na kukatwa ndiko kunakokipa. Yaondolewe kutoka chini matawi yaliyopita miaka mitano au sita, yaondolewe yaliyo membamba na yaliyopishana, na yaliyosalia yafupishwe ili yachipue upya; kisha kichaka kipewe maji, matandazo mapya ya msonobari na mbolea yake ndogo, kiachwe. Kikitunzwa hivyo huongeza mavuno mwaka hata mwaka mpaka wa sita au wa saba, na huko kwao viko vichaka vilivyopita miaka hamsini vikiwa vingali vinazaa.